Pembe Moja ya Kigae

Benchi lilikuwa na miguu mitatu na tofali. Lilikaa pale ambapo barabara ya sokoni inakutana na uchochoro wa mafundi, chini ya turubai la kibanda cha Shangazi, na kila siku kuanzia saa nane mchana wanaume watatu walilikalia kwa bidii ambayo, laiti wangeipeleka kwenye kazi zao, mji mzima ungeshangaa. Kulikuwa na Fundi Redio, aliyetengeneza redio katika zama ambazo kila mtu anasikiliza simu, kwa hiyo nafasi ya kukaa hakuikosa. Kulikuwa na Wakili, ambaye hakusomea sheria hata siku moja, ila alikuwa amewaandikia watu barua kwenye korido ya mahakama kwa miaka mingi hadi koti lake likaanza kuamini. Na kulikuwa na Kocha, aliyeifundisha timu ya mtaa misimu kumi na mmoja na kuilinda kwa uaminifu dhidi ya ushindi wa aina yoyote. Mbele yao ndoo kuukuu ya mbao, iliyopinduliwa, ndiyo iliyokuwa meza ya vikombe. Nyuma ya kaunta, kati ya birika la kahawa na friza, alisimama Shangazi, ambaye hakuwa shangazi wa yeyote kati yao. Kazi zake pale zilikuwa mbili: kumimina kahawa na kuelimishwa.

Siku hiyo elimu ilianza mapema, kwa sababu ya barua. Barua yenyewe Shangazi alikuwa ameibandika kwa gundi ya karatasi kwenye mlango wa friza, kila mtu ajisomee, yeye asichoke kuulizwa. Ofisi ya mtaa ilikuwa inachimba mtaro. Vibanda vyote vya kona vilitakiwa kuondoka mwisho wa mwezi, vihamie nyuma ya ghala la mbao, mahali ambapo hata mbwa hupita kwa kupotea tu. Vyote, isipokuwa "kibanda chenye historia iliyothibitishwa". Na afisa angefika saa kumi alasiri kuiandika hiyo historia, kama ipo.

Sasa historia ilikuwepo, na ilikuwa ndani ya friza. Iliitwa kigae. Kwa asiyekijua, kigae ni barafu ya maziwa iliyokatwa mraba kama kigae cha sakafuni, ikabanwa kati ya biskuti mbili nyembamba. Maziwa yake huchemshwa kwa moto mdogo tangu alfajiri mpaka yapungue nusu, ndiyo yagandishwe. Watu wa miji ya jirani wamejaribu kukiiga wakaishia kupata maziwa baridi. Na kila kigae, tangu wazee wa leo wakiwa vijana, lazima kiwe na pembe moja iliyokatwa. Mpe mtoto kigae chenye pembe zote nne, atalia, atakwambia umempa cha bandia. Ukimuuliza kwa nini pembe ikatwe, atakwambia ndivyo kilivyo. Ukimuuliza mtu mzima, kaa chini, maana utakesha.

— Shangazi, ondoa wasiwasi, alisema Wakili akikunjua koti. Wewe huna mdomo wa ofisini. Sisi tutakusemea.

— Mtasema nini?

— Historia.

— Historia ya nani?

— Mimina kahawa, Shangazi. Haya mambo ni mazito.

Shangazi akamimina. Kama afisa asingeridhika, mwisho wa mwezi Shangazi angekuwa nyuma ya ghala la mbao akiwauzia mbwa waliopotea. Alikuwa na miaka hamsini, magoti mabovu, na friza ambayo ikihamishwa mara moja tu ingekata roho. Na wa kumtetea walikuwa hawa.

— Kwanza tukubaliane, alisema Fundi Redio. Afisa akija asikute tunapingana. Tuwe na kauli moja.

— Hapo umesema, alisema Kocha. Mazoezi kabla ya mechi.

— Haya. Kauli yenyewe ni hii. Babu yangu ndiye mtu wa kwanza kuleta jokofu la umeme mji huu.

— Wee! alisema Kocha. Umeme wenyewe ulikuja lini?

— Ulikuja baadaye. Jokofu lilitangulia. Babu alikuwa mtu wa kuona mbali.

— Likawa linagandisha kwa kitu gani?

— Kwa subira, alisema Shangazi kutoka kaunta.

Fundi Redio akajifanya hakusikia. — Umeme ukaja. Babu akamimina maziwa kwenye trei, akasukuma trei ndani. Mlango haufungi! Pembe ya trei imetokeza kidogo tu, hivi. Mtu mwingine angenunua trei ndogo. Babu, fundi wa damu, akachukua mkasi wa bati, akakata pembe ya trei. Mlango, kwaa! Ndiyo maana mpaka leo kigae hakina pembe. Naomba kuwasilisha.

— Trei moja inatoa vigae arobaini, alisema Shangazi. Ukikata pembe ya trei, kinachokosa pembe ni kimoja. Hivyo thelathini na tisa vingine?

Fundi Redio akanywa kahawa, polepole, kama mtu anayepima betri.

— Vingine vilikatwa ili kile kimoja kisijisikie vibaya, alisema. Babu alipenda haki.

— Haki! Wakili akaruka, tofali likacheza, benchi zima likainama upande wa Kocha. Umeigusa haki, na haki ni upande wangu. Ndugu zangu, pembe ile ni suala la kisheria. Zamani palikuwa na ushuru wa vitu vya pembe nne.

— Ushuru wa nini?

— Wa pembe nne! Meza, unalipa. Dirisha, unalipa. Sanduku, unalipa. Watu walikuwa wanalala kwenye mikeka ya duara. Sasa babu yangu mzaa mama alikuwa karani, mtu wa kusoma maandishi madogo. Akamfuata muuza barafu, akamwambia, bwana, kata pembe moja, hawakupati. Akakata. Askari wa ushuru wakaja, wakahesabu pembe, wakakuta tano, wakaondoka wanalia.

— Tatu, alisema Kocha.

— Tano.

— Zilikuwa nne, umekata moja. Nne toa moja. Mimi nimefundisha watu kupanga mabeki, hesabu ya nne toa moja naijua sana.

— Na ndiyo maana mlifungwa saba. Ukikata pembe ya mraba unapata pembe mbili mahali pa moja!

— Sasa kama kukata kunaongeza, mbona wewe ukinyolewa nywele haziongezeki?

Fundi Redio akachora mraba kwenye vumbi kwa kijiti, akakata pembe moja, akaanza kuhesabu kwa kidole. Akapata tano. Akahesabu tena kwa kuanzia upande wa pili, ili asimpe Wakili raha, akapata tano zilezile. Akafuta mchoro kwa kiatu.

— Haisomeki vizuri, alisema.

Hapo akafika mteja, fundi cherehani wa duka la pili, kamba ya kupimia shingoni, akataka kigae kimoja. Shangazi akafungua friza. Kisu kilikuwa kimelala kwenye bakuli la maji ya moto. Akakitoa, akakifuta kwenye aproni, kikashuka mara moja, krap, pembe ikatoka, kigae kikavuka kaunta.

— Eti Shangazi, kwa nini mnakikata pembe? aliuliza fundi cherehani, maana alikuwa amewasikia.

Shangazi, mdomo ukiwa na shughuli, akatikisa kichwa tu.

— Umeona? alisema Wakili kwa huruma kubwa. Mwenyewe hajui. Ndiyo maana nasema tumsemee.

Fundi cherehani akaondoka akilamba pande zote kwa zamu. Kocha alikuwa amengoja muda wake kwa heshima, na heshima ilikuwa imemwisha.

— Mmemaliza? Jokofu, ushuru. Mambo ya watoto. Kigae ni siri ya kijeshi.

— Haya basi, alisema Fundi Redio. Na wewe una babu.

— Kila mtu ana babu. Wangu alikuwa mpelelezi. Wakati wa vita...

— Vita gani?

— Vile.

— Vile vipi?

— Vile vikubwa! Usinikatize mbele ya watu. Wakati wa vita barua zilikuwa zinafunguliwa. Simu zinasikilizwa. Babu akafikiri: kitu gani ambacho askari hawezi kukizuia njiani? Akajibu mwenyewe: barafu. Ukiizuia inayeyuka mkononi. Basi akawa anatuma vigae. Pembe iliyokatwa ndiyo inaonyesha adui yuko upande gani. Imekatwa kulia, adui yuko mashariki. Imekatwa kushoto, adui yuko magharibi.

— Na mpokeaji akikishika kichwa chini miguu juu? aliuliza Shangazi.

Kocha akafikiri.

— Ndiyo maana tulishindwa, alisema.

Baada ya hapo hapakuwa na breki. Fundi Redio, kuona vita vimeingia, akaliacha jokofu lijitegemee, akasema kumbe babu yake kabla ya umeme alikuwa anakinga mvua ya mawe kwa trei, na jiwe moja kubwa ndilo lililoivunja trei pembe. Wakili akafichua kwamba suala la ushuru lilifika mahakama kuu, likaunguruma miaka saba, na halikupata hukumu kwa sababu kielelezo kililiwa na hakimu. Kocha akasema hakimu huyo alikuwa mtu wa babu yake. Wakili akataka hilo lifutwe kwenye kumbukumbu. Fundi Redio akauliza kumbukumbu ziko wapi. Wakili akagonga paji la uso wake mara mbili.

— Humo? alisema Kocha. Basi ziko salama, hakuna anayeingia.

Shangazi akasikiliza huku akisuuza vikombe. Alihesabu: babu watatu. Na jedwali la afisa, alivyoambiwa na jirani mwenye kibanda cha viatu, lina nafasi ya mwanzilishi mmoja. Afisa akisikia historia tatu hataandika tatu. Ataandika kwamba haikuthibitika, atafunika faili, na mtaro utachimbwa. Hawa watatu wangeumia pia, maana benchi lilikuwa la kibanda, lakini hilo walikuwa hawajalifikia. Bado walikuwa wanapigania babu.

Kilichomchekesha, kama ni kicheko, ni kwamba kati ya babu wote hao hapakuwa na bibi hata mmoja. Mahakama ilikuwemo, jeshi lilikuwemo, hata mvua ya mawe ilipata nafasi yake. Mwanamke mwenye sufuria la maziwa ndiye aliyekosa.

Sababu ya pembe Shangazi aliijua. Aliijua kwa miaka thelathini na miwili, na kwa miaka hiyohiyo hakuitoa, kwa kuwa kuitoa ilikuwa ni kujifichua yeye mwenyewe. Alikuwa amejiambia atakufa nayo. Asubuhi hii alipokuwa anabandika barua kwenye friza aliisoma mara ya pili, neno "iliyothibitishwa", akaibana kwa kiganja mpaka gundi ikashika.

— Shangazi, mbona umenyamaza? aliuliza Kocha. Au unaogopa ofisi?

— Nawaogopa nyinyi.

— Utani huo. Ongeza kahawa.

— Imebaki ya vikombe vinne.

— Sisi ni watatu.

— Na mgeni, alisema Shangazi, akionyesha kwa kidevu.

Afisa alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, viatu vyekundu kwa vumbi la mtaroni, faili kifuani, kalamu mbili zimechomekwa kwenye nywele. Akawaamkia wote, shikamooni, akapokewa kwa marahaba tatu za uzito tofauti. Wanaume wakasogea kumpisha, benchi likainama, Wakili akaweka mguu kwenye tofali kulituliza. Afisa akachagua kusimama.

— Nimekuja kwa ajili ya historia ya kigae, alisema. Mwenye kibanda ni...?

— Ni huyu, lakini msemaji ni mimi, alisema Wakili.

— Ni sisi, alisema Fundi Redio.

— Tuna kauli moja, alisema Kocha.

Wakazisema zote tatu kwa pamoja. Afisa aliandika kwa haraka, mstari, mstari, akakata mstari, akageuza ukurasa. Kwa dakika nzima trei iliingia vitani, ikatozwa ushuru, ikapelekwa mahakamani. Kocha alisimama kuonyesha mashariki. Wakili alisema "rejea" mara nne. Fundi Redio, kuona anazidiwa, akatoa bisibisi mfukoni akaishika tu, kwa ajili ya heshima ya fundi.

— Samahani, wazee wangu, alisema afisa. Taratibu. Hapa nina nafasi ya mwanzilishi mmoja na sababu moja. Kuna mahali mnakubaliana?

Wakatazamana.

— Pembe, alisema Kocha. Kwamba imekatwa. Hapo wote tuko pamoja.

— Sawa. Afisa akaandika hilo. Lilikuwa fupi sana kwenye ukurasa. Akatazama faili, akatazama mtaro uliokuwa unasogea barabarani, akabonyeza kalamu. Shangazi aliiona kalamu ikishuka kuelekea chini kabisa ya jedwali, mahali pa visanduku viwili, ndiyo na hapana. Kisha ikasimama.

— Labda niulize swali dogo tu, alisema afisa. Nimekula vigae tangu nikiwa mtoto, lakini sijawahi kuuliza. Hiyo pembe ikishakatwa, huwa inakwenda wapi?

Lilikuwa swali la kitoto kabisa. Wakili alifungua mdomo, koti likapanda na kushuka, mdomo ukafunga. Kocha akatazama chini ya benchi, kana kwamba pembe za miaka yote zingekuwa zimerundikana huko.

— Inakwenda... alisema Fundi Redio. Si inayeyuka?

— Ikiyeyuka, wapi?

— Kwa kuku, alisema Kocha bila imani.

— Shangazi hafugi kuku, alisema Wakili.

— Kila siku mko hapa? aliuliza afisa.

— Kila siku, walisema wote watatu, na safari hii ilikuwa kauli moja kweli.

Maana watu hutazama kigae, hawamtazami mwenye kisu. Shangazi alikuwa ameikata pembe hiyo mbele ya macho yao mara ngapi, hata Wakili na kumbukumbu zake za kichwani asingeweza kusema. Afisa alikuwa bado anangoja, kalamu hewani, na Shangazi akajua kwamba mtu mwingine wa kuuliza swali hilo hatapita tena kabla ya mwisho wa mwezi.

Akafungua friza. Akatoa kigae, akakiweka kwenye ubao, akachukua kisu kwenye maji ya moto.

— Nitazame, mwanangu, alisema. Na nyinyi, kwa mara ya kwanza.

Kisu kikashuka. Pembe ikatoka. Shangazi akaishika kwa vidole viwili, akaiweka mdomoni, akaitafuna, akaimeza. Kisha akamsogezea afisa kigae.

— Inakwenda hapa, alisema.

— Unaila wewe? Kila moja?

— Kila moja. Kabla yangu aliila mama mkwe wangu. Daktari ananigombeza, meno mawili yameshaondoka. Lakini kigae hakivuki kaunta hii kabla sijakionja mbele ya mwenyewe.

— Kwa nini?

Shangazi akafuta mikono kwenye aproni. Ilikuwa tayari mikavu. Akaifuta tena.

— Kwa sababu ya chumvi, alisema.

— Chumvi? alisema Wakili, kwa sauti ya mtu aliyeletewa shahidi asiyemtarajia.

— Nyamaza, Wakili. Zamani hapakuwa na friza. Tulikuwa na ndoo ya mbao, katikati kopo la maziwa, pembeni barafu na chumvi ya mawe ili baridi ikaze. Mtu anazungusha mpini mpaka mkono unakufa. Kazi kubwa ni moja: usifunue kopo kabla hujapangusa mfuniko, maana ile chumvi imejaa juu. Mimi nilikuwa mwali, nina wiki ya tatu hapa nyumbani. Mama mkwe akatoka kidogo kwenda kwa jirani. Nikataka kuona kama yameganda. Nikafunua.

Akakiokota kisu kwenye ubao. Hakuna aliyekunywa kahawa.

— Sikuonja. Nikafunika, nikazungusha, nikakata vigae vyote nikavipanga vizuri ili anisifu. Ilikuwa siku ya mechi, uwanja umejaa. Tukauza vyote. Watu wakatema barabara nzima, kuanzia hapa hadi kwenye geti la uwanja.

— Ngoja, alisema Kocha, na macho yakamtoka. Ile siku! Tulifungwa siku ile. Wachezaji wangu walikuwa wamekula!

— Mlifungwa wiki iliyofuata pia, alisema Fundi Redio. Mwache aseme.

— Jioni wakaja mlangoni. Wengine wanasema tumewatilia watoto wao sumu. Mimi niko nyuma ya pazia. Mama mkwe akatoka peke yake akasema, mkono wangu ndio ulioteleza. Wangu. Akasema hivyo kwa kila mtu, na mimi hakunigeukia hata mara moja, si siku ile wala mpaka anazikwa.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya kuhesabu vikombe. Mkono tu ndio uliokuwa umeshika kisu bila sababu.

— Kesho yake hakuja mnunuzi hata mmoja. Kesho kutwa akaja mmoja, kutucheka. Mama mkwe akakata pembe ya kigae chake, akaila palepale, akamwambia, nimetangulia mimi, nikianguka, usile. Yule mtu akamtazama mdomoni mpaka akameza. Ndipo akala. Akaja wa pili, naye vilevile. Mwezi mzima ikawa hivyo. Baadaye watu wakasahau chumvi, lakini kigae bila pembe wakawa hawakitaki. Na yeye hakuacha kuila, na alipokwenda nikaendelea mimi. Basi. Hakuna jeshi.

Afisa alikuwa ameacha kuandika. Kigae kilikuwa kinamtiririka kwenye kifundo cha mkono na hakuona.

— Na... naomba radhi, mama, lazima niulize. Kuna uthibitisho wowote?

Shangazi akawatazama wanaume watatu.

— Toeni vikombe vyenu, alisema.

Hawakuelewa. Akatoka nyuma ya kaunta, kwa magoti yake yaleyale, akaondoa vikombe vyao mwenyewe kimoja kimoja kutoka juu ya meza, akawashikisha, akaipindua meza. Ilikuwa ndoo. Siku zote ilikuwa ndoo. Ndani, kwenye mianya ya mbao, palikuwa na mistari myeupe migumu iliyokula hadi kwenye pete za chuma. Afisa akaipitisha kidole, akakigusa ulimini. Uso ukamkunjamana.

— Chumvi, alisema, akaandika.

— Mimi nilisema tangu mwanzo suala hili lina... alianza Wakili.

— Nyamaza, Wakili, alisema Kocha.

— Jina la mwanzilishi? aliuliza afisa.

Shangazi akalitaja jina la mama mkwe wake, majina yote matatu, polepole, herufi kwa herufi pale ilipohitajika. Miaka yote benchi lilimwita marehemu Bibi Barafu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameyasikia majina hayo.

— Na sababu ya pembe? Niandike mwanzilishi aliteleza mkono?

Ilikuwa njia nyepesi, na ilikuwa imefunguliwa na marehemu mwenyewe. Shangazi akaitazama ndoo.

— Andika mkwewe ndiye aliyeteleza, alisema. Yeye alikula tu.

Kalamu ikashuka chini ya jedwali, ikaweka alama kwenye kisanduku cha kushoto, kile cha ndiyo. Afisa akafunika faili, akasema mkubwa wake atatia sahihi kesho na mtaro utazungushwa, akaaga wote, akaondoka akilamba mkono hadi kwenye kiwiko.

Wanaume watatu walibaki benchini. Vikombe walikuwa wamevishika mikononi, maana hawakujua tena pa kuviweka.

— Shangazi, alisema Kocha mwishowe, kahawa...

— Imekwisha.

Wakaguna. Fundi Redio akaichomeka bisibisi mfukoni, akainuka, akasogea kaunta kama mtu anayeingia ofisi asiyoizoea.

— Basi nikatie kigae, alisema.

Shangazi akakitoa kisu kwenye maji ya moto. Pembe ikatoka, akaitia mdomoni. Fundi Redio alikipokea kigae chake lakini hakukila. Alimtazama Shangazi mdomoni, na Wakili na Kocha nyuma yake wakamtazama mdomoni, wote watatu, hawapepesi, mpaka akameza.

Hakuanguka.

Ndipo Fundi Redio akala.